Balehe kwa kijana mwenye usonji: kusoma msongo kabla haujalipuka

Binti wa miaka 12 aliyetulia miaka mitatu anaanza kujing'ata mkono kila jioni. Mvulana wa miaka 14, aliyekuwa akienda shule bila shida, anakataa kuvaa sare, anavunja sahani, na akigombezwa anajigonga kichwa ukutani. Katika nyumba nyingi za Mtwara na Lindi neno la kwanza huwa "kapandisha mashetani". La pili huwa "mmemdekeza". Yote mawili hupoteza miezi. Mara nyingi kilichopo ni mwili ulioanza balehe ndani ya kijana ambaye hakuambiwa chochote, na ambaye hata angeambiwa hana maneno ya kusema anavyojisikia.

Mwongozo huu ni kwa mzazi, bibi, mjomba au mwalimu anayeishi na kijana mwenye usonji (autism), awe anaongea au haongei. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Wengi huanzia kwenye mlipuko wenyewe kwa sababu ndio unaotisha, ilhali kazi kubwa hufanyika saa na siku kabla yake.

Jua saa ya mwili

Kwa kawaida usonji hauucheleweshi mwili. Wasichana huanza balehe kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14. Kwa msichana dalili ya kwanza huwa kifundo kidogo chini ya chuchu, mara nyingi upande mmoja kwanza, nacho huuma kikiguswa. Hedhi hufuata baada ya miaka 2 hadi 3. Kwa hiyo siku uliyokiona kile kifundo umepewa takriban miaka miwili ya kufundisha hedhi. Usiitumie kusubiri. Kwa mvulana huanza korodani kukua, jambo ambalo watu wengi hawalioni, ndiyo maana hushtukia sauti imeshakuwa nzito.

Mpeleke kwa daktari ikiwa msichana ameanza kabla ya miaka 8 au mvulana kabla ya 9. Ikiwa hakuna dalili yoyote msichana akiwa na 13 au mvulana akiwa na 14. Au ikiwa binti amefika 15 bila hedhi.

Msongo huongezeka wakati huu kwa sababu mambo mengi huja pamoja. Homoni hupanda na kushuka. Saa ya usingizi husogea, kijana halali mapema kama zamani lakini shule inamtaka alfajiri ileile. Sehemu za ubongo zinazowasha hisia hukomaa mapema kuliko zile za kujizuia, na hilo ni la vijana wote. Mwenye usonji ana la ziada: wengi wao hawazisikii ishara za mwili wao sawasawa. Njaa, haja ndogo, maumivu na hasira huja kama usumbufu mmoja usio na jina, na huja ukiwa umeshakuwa mkubwa. Hofu iliyozidi nayo ni ya kawaida kwao; takriban vijana 4 kati ya 10 wenye usonji wana tatizo la wasiwasi linalostahili tiba.

Hatua ya 1: Daftari

Nunua kauntabuku moja. Chora safu sita: saa, kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata, usingizi wa jana, choo. Kwa binti ongeza safu ya saba ya hedhi. Jaza kila siku, hata siku njema. Wanaoandika siku za balaa tu hawana cha kulinganisha nacho.

Andika kilichoonekana. "Alikasirika bila sababu" haisaidii mtu. "Saa 11 na dakika 20 jioni jirani aliwasha spika, akaziba masikio, dakika tano baadaye akamrushia mdogo wake kikombe" inasaidia, kwa sababu zile dakika tano ndizo nafasi yako ya kesho. Fanya hivi wiki nne kwa mvulana na mizunguko mitatu kwa binti, kisha kaa na daftari na mtu mwingine mlisome. Tafuta vitu vinavyojirudia: saa ileile, siku za kabla ya hedhi (kwa kawaida 7 hadi 10), siku ya tatu bila choo, Jumatatu, usiku aliolala saa chache.

Hatua ya 2: Mwili kwanza

Tabia ikibadilika ghafla ndani ya siku moja hadi tatu, chukulia kwanza kwamba kuna ugonjwa au maumivu. Kusini kwetu kipimo cha malaria ndicho cha kwanza, hata kama joto la mwili halijapanda sana. Kisha angalia meno kwa tochi, masikio, koo, ngozi chini ya kwapa na mapajani, na uliza au chungulia mkojo unatokaje. Anayejipiga shavu upande mmoja huenda jino linamuuma. Anayegonga kichwa na kushika sikio, chunguza sikio.

Choo kigumu husahaulika kuliko vyote. Kijana anayekubali vyakula vitatu tu, mathalani ugali, samaki na chai, hufunga choo kwa urahisi. Chini ya mara tatu kwa wiki, au choo kigumu chenye maumivu, ni tatizo. Na ukikuta nguo ya ndani imechafuliwa na choo laini huku hajaenda haja kubwa siku nyingi, usimpe dawa ya kuharisha. Hicho ni choo kinachopenya pembeni ya kilichoganda, na dawa hiyo itazidisha. Ongeza maji, papai, maembe ya msimu, kunde na mbaazi kidogo kidogo kando ya chakula anachokipenda, na mketishe chooni dakika 10 baada ya chai ya asubuhi kila siku. Ikipita wiki bila nafuu, zahanati.

Maumivu ya hedhi yatibiwe kama maumivu. Binti wa kilo 35 hadi 50 anaweza kumeza paracetamol kidonge kimoja cha miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi vinne kwa siku, mradi hana ugonjwa wa ini na hatumii dawa nyingine yenye paracetamol. Daftari likishakuonyesha siku, anza mara tu maumivu yanapojitokeza, usingoje hadi ajing'ate. Damu ikiloweka pedi kila saa moja au mbili, au ikizidi siku 7, aonwe na apimwe wingi wa damu. Upungufu wa damu nao huleta uchovu na hasira.

Hatua ya 3: Mwambie, kwa maneno yasiyopinda

Kijana mwenye usonji huchukua neno jinsi lilivyo. Binti akiambiwa "mgeni amefika" anaweza kwenda mlangoni kumtafuta. Akiambiwa "umekuwa mtu mzima" anaweza kuuliza kwa nini basi bado anaenda shule, na swali lake ni la haki. Tumia majina yenyewe: matiti, uke, uume, hedhi, manii. Sentensi fupi, jambo moja kwa siku, ukirudia kwa maneno yaleyale kila mara. Kwa asiyeongea tumia picha ulizochora mwenyewe, kadi moja kwa kila kitendo, zibandikwe bafuni kwa urefu wa macho yake.

Hedhi ifundishwe miezi kadhaa kabla. Mpangilio unaofanya kazi ni huu. Wiki ya kwanza ashike pedi au kitambaa safi, akinuse, akikunje. Wiki ya pili akivae kikavu dakika 10, kesho 20, hadi afike saa 2 bila kukivua. Wiki ya tatu mwagia pedi kijiko cha juisi ya choya, ile nyekundu, umwonyeshe kwenye chupi, aibandue, aikunje, aifunge kwenye karatasi, aitupe, aweke nyingine, anawe. Mwachie afanye kitendo cha mwisho kwanza, yaani kunawa, wewe ukifanya vingine vyote. Akikimudu, mwachie viwili vya mwisho, ukirudi nyuma hivyo hadi vyote viwe vyake. Njia hii humfanya amalize kwa kufaulu kila mara.

Kubadilisha ni kila baada ya saa 4 hadi 6. Usimtajie saa kama hasomi saa. Funga na mambo ya siku: akiamka, mapumziko ya shuleni, chakula cha mchana, kuoga jioni, kulala.

Yanayoharibika yanajulikana. Anaivua darasani: pedi ya plastiki hunata na kuwasha, hasa joto la Novemba hadi Machi, kwa hiyo jaribu ya kitambaa cha pamba au kanga laini iliyochakaa, ifuliwe na kuanikwa juani. Anaionyesha kwa watu: hakufundishwa kwamba hili huzungumzwa na watu fulani tu, mtajie watatu kwa majina. Anapiga mayowe akiona damu: tangu utoto damu kwake ni kidonda. Mwambie, "Hii damu siyo kidonda. Hujaumia. Itatoka siku chache, kisha itakoma," na mtie alama kwenye kalenda ili aone mwisho wake.

Kwa mvulana, baba, mjomba au kaka mkubwa amwambie kabla ya ndoto nyevu ya kwanza: "Usiku uume unaweza kutoa majimaji meupe. Siyo mkojo, hujaumwa. Ukiamka badilisha shuka, oga." Akiwa hana mwanamume wa karibu, mama aseme, kunyamaza ni kubaya zaidi. Uume kusimama hadharani hutokea bila kufikiria lolote. Mfundishe kukaa, kuvuta shati refu na kusubiri.

Kujichezea ni jambo la kawaida kwa wavulana na wasichana, na viboko haviliondoi. Humfundisha kujificha mahali pabaya. Kinachofundishika ni mahali. Nyumba yenye chumba chake: chumbani, peke yake, mlango umefungwa. Nyumba ya chumba kimoja: bafuni, mlango umefungwa. Akisahau sebuleni, sema kwa sauti ya kawaida "Hapa siyo faragha", mwelekeze anapotakiwa au mpe kitu cha kushika. Usicheke, usipige kelele. Vyote viwili vinaweza kugeuka mchezo.

Salamu nazo zibadilike mapema. Mtoto wa miaka 6 anayekumbatia kila mgeni huchekwa. Akifanya hivyo na miaka 16 sokoni anaweza kupigwa au kupelekwa polisi, naye hajui kilichobadilika. Kuanzia miaka 8 au 9 fundisha kupeana mkono na "shikamoo", kukumbatia kubaki kwa watu wa nyumbani waliotajwa. Kando ya hilo mfundishe kukataa. Watu wanaoruhusiwa kumsaidia kuoga au kubadilisha wawe wawili au watatu, na ajue kusema "sitaki" au kuonyesha kadi nyekundu. Watoto wanaotii kila mtu mzima ndio wanaowindwa. Ukishuku udhalilishaji, Simu ya Huduma kwa Mtoto ni 116, bure, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Hatua ya 4: Punguza mzigo wa kelele, harufu na joto

Hapa daftari ndilo kiongozi, lakini Kusini kuna mambo yanayojirudia. Katikati ya mwaka mikorosho hupulizwa dawa, na harufu ya salfa hukaa kwenye nguo, nywele na upepo. Kwa pua ya kijana mwenye usonji ile ni ghasia ya kutwa. Aliyetoka kupuliza abadilishe nguo na kuoga kabla ya kuingia ndani, nguo zifuliwe kando, na siku za kupuliza karibu na nyumba kijana apelekwe kwa ndugu. Spika za sherehe, honi za bodaboda, jenereta umeme ukikatika: weka kofia nene au vizibo vya masikio mahali anapojua, na mpe taarifa mapema, "Leo usiku kuna ngoma kwa jirani. Itaanza baada ya isha. Tutalala kwa bibi."

Sare mpya ifuliwe mara tatu au nne kabla ya kuvaliwa, lebo ya shingoni ikatwe. Matiti yanayokua huuma kwa mguso, hivyo sidiria ianze na kitop laini cha pamba, dakika chache kwa siku. Jasho na harufu yake nalo ni jipya: kuoga mara mbili, kwapa kwa sabuni, deodoranti isiyo na harufu kama ipo, kama haipo, sabuni inatosha.

Akitoka shule, nusu saa hadi saa nzima asiulizwe chochote. Kivulini, maji ya kunywa, kimya. Wengi hujizuia kutwa nzima darasani halafu hulipukia nyumbani, na walimu husema "huku hana shida". Wote wawili, mwalimu na mama, wanasema kweli.

Kazi ya nguvu hutuliza vijana wengi kuliko maneno: kubeba ndoo ya lita 10, kutwanga, kusukuma toroli, kupalilia. Dakika 15 hadi 20, kabla ya saa ngumu inayojulikana, iwe ratiba na isiwe adhabu. Usingizi: saa 8 hadi 10, aamke saa ileile hata Jumapili, simu iwekwe chumba kingine saa moja kabla, chai ya rangi iishie mchana. Joto likizidi, godoro karibu na dirisha na chandarua juu. Asilale bila chandarua kwa kuwa anachukia mguso wake, kifungwe juu zaidi kisimguse.

Hatua ya 5: Ndoo tano

Kumuuliza "unajisikiaje?" kijana asiyeijua hasira yake ni kumwongezea mtihani. Chora ndoo tano kwenye karatasi: ya kwanza tupu, ya tano inamwagika. Chini ya kila moja andika au chora ishara za mwili wake mwenyewe mlizoziona kwenye daftari: ya pili anatembea huku na huko, ya tatu anauma ukosi wa shati, ya nne anaziba masikio na kurudia neno moja. Onyesha ndoo mara tatu kwa siku, akiwa ametulia, na wewe uonyeshe yako: "Mama leo yuko ndoo ya pili, jua kali."

Ndoo ya tatu ndiyo ya kufanyia kazi. Akifika hapo anaondoka kwenda mahali pake palipoandaliwa, kona yenye mkeka, kanga nzito ya kujifunika, kitu anachopenda kushika. Anaondoka bila kuomba ruhusa ya maneno, kadi inatosha. Kosa kubwa hapa ni kuifanya kona ile kuwa adhabu. Ukimpeleka huko mara moja kwa hasira, hatakwenda tena kwa hiari.

Hatua ya 6: Ikilipuka

Deko humwangalia mtu, na huisha likipata linachotaka. Mlipuko hauishi hata ukimpa alichokuwa anataka, kwa sababu hauombi kitu. Mtu mmoja tu aongee, maneno matatu au manne, "Niko hapa. Uko salama." Wengine watoke, watoto kwanza. Ondoa kisu, chupa, sufuria ya moto, jiko la mkaa. Zima redio. Simama kwa ubavu, hatua mbili mbali, usimkazie macho. Akigonga kichwa weka mto au kanga iliyokunjwa kati ya kichwa na ukuta, usimshike kichwa. Kumshika mwili ni pale tu anapokimbilia barabarani, kisimani au kwenye moto. Kumfunga kamba, kummwagia maji na kumzunguka watu kumi wakimsomea huongeza muda na huumiza.

Mlipuko ukipoa atahitaji nusu saa au zaidi, wengine hadi kesho. Maji, giza kidogo, kimya. Mawaidha yasiwepo siku hiyo. Ubongo wake bado haupokei. Wengine hawalipuki, huzimika: hunyamaza, hulala chini, hawajibu. Nao ni mzigo uleule, na utulivu wao usikudanganye.

Jando na unyago

Hili haliepukiki kwetu, na ukoo utauliza. Msimu huangukia mara nyingi likizo za shule. Kwa kijana mwenye usonji ni mkusanyiko wa yote yanayomzidi: ngoma usiku kucha, watu asiowajua, kutengwa na mama, chakula tofauti, kuguswa, na mafundisho yanayotolewa kwa mafumbo na nyimbo. Fumbo likimkuta anayechukua neno jinsi lilivyo, huondoka na maana mbaya kabisa, au hofu tu.

Zungumzeni na mjomba, bibi na nyakanga (mkuu wa mafundisho ya unyago) miezi miwili au mitatu kabla, siyo usiku wa kuamkia. Waombwe mambo yanayotajika: ifanyike nyumbani, mchana, kwa saa chache, kungwi awe mtu anayemjua, mafundisho yasemwe wazi na kwa picha, asipigwe, asitishwe, mama au shangazi awe karibu, akifika ndoo ya tatu atoke. Nyakanga wengi wazee ni watu wa busara, wakielezwa mapema kwa heshima hupunguza. Anayeletewa ombi kijana keshakaa mkekani hana nafasi ya kupunguza. Na kama ukoo hautakubali masharti hayo, asichezwe. Mafundisho yenyewe yamo katika hatua ya 3.

Tohara ya mvulana ifanyike hospitalini. Mweleze daktari kabla ya siku kwamba kijana hatatulia kwa sindano ya ganzi, muulize kama nusu kaputi inafaa. Wiki mbili kabla afanye mazoezi: kuvaa msuli bila suruali, kufungwa bandeji kidoleni na kuiacha, kuona picha za chumba na glavu. Kupona kabisa huchukua kama wiki 6. Kwa kuwa huenda asiseme kinachouma, kagua kidonda asubuhi na jioni: usaha, uvimbe unaoongezeka, damu isiyokoma, homa au kushindwa kukojoa ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Wakati wa kwenda hospitali

Kifafa hujitokeza zaidi kwa watu wenye usonji, na ujana ni mojawapo ya vipindi kinapoanza. Siyo lazima aanguke. Kuganda macho sekunde kadhaa asisikie, kisha kuchanganyikiwa, nako kuchunguzwe. Akianguka na kutetemeka mlaze ubavu, usitie kitu mdomoni, tazama saa; ikizidi dakika 5, hospitali.

Usisubiri pia ikiwa anapoteza ujuzi aliokuwa nao, hali wala kunywa, anasema anataka kufa au kujidhuru, au anaanza kuganda katikati ya vitendo, mkono hewani, akihitaji kusukumwa ili aendelee. Hili la mwisho hudhaniwa uvivu au ukaidi. Lina tiba, na likiachwa linaweza kuhatarisha maisha. Anza zahanati au kituo cha afya upate rufaa ya hospitali ya Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi), au hospitali za Ndanda na Nyangao kama ndizo zilizo karibu, uulizie huduma ya afya ya akili na watoto. Nenda na daftari, lifunguliwe mezani kabla hujaanza kueleza.

Kuhusu dawa: hakuna inayoondoa usonji. Risperidone hutolewa kupunguza ukali na kujiumiza pale njia nyingine zimeshindwa, kwa dozi ndogo na chini ya daktari. Inaongeza hamu ya kula na uzito, inaweza kusimamisha hedhi, na kuvimbisha matiti hata kwa mvulana. Kijana aliye katika balehe asipoambiwa hilo atadhani ndiyo mwili wake mpya. Apimwe uzito kabla ya kuanza na kila mwezi. Akikakamaa shingo, macho kupanda juu au mwili kuwa mgumu, arudi mara moja. Isikatishwe ghafla bila daktari. Na zile dawa za mafua zinazolaza usingizi, zinazonunuliwa duka la dawa ili "atulie", huwageuza baadhi yao kuwa na vurugu zaidi usiku kucha. Ukishampa na ukaona hivyo, andika jina lake na saa kwenye daftari, usirudie.